Jinsi ya Kuwakutanisha Walimu wa Kiswahili wa Sekondari na Wahadhiri wa Vyuo Vikuu: Mwongozo kutoka Dodoma

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwalimu wa Kiswahili, mkuu wa idara shuleni, Afisa Elimu Kata au mhadhiri katika Mkoa wa Dodoma ambaye amewahi kujiuliza kwa nini watu wanaofundisha somo moja, katika mkoa mmoja, wanakutana kwa nadra sana. Chuo Kikuu cha Dodoma kilichoko Chimwaga na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana vyote vilianza mwaka 2007, na hicho cha pili kimekaa katika eneo lililokuwa Shule ya Sekondari Mazengo, kwa hiyo ujirani wa shule na chuo kwetu ni wa ardhi ileile. Hata hivyo, mwalimu wa Mvumi au wa Kibaigwa humwona mhadhiri pale tu anapokuja kumkagua mwanachuo aliye katika mazoezi ya kufundisha: hukaa nyuma ya darasa kipindi kimoja au viwili, hujaza fomu, husaini kitabu cha wageni na kuondoka.

Nimeshiriki kuandaa vikao vya aina hii nikiwa mwalimu wa sekondari, na hoja yangu kwa anayetaka kuanza ni moja. Kikao kianzie kwenye daftari la mwanafunzi. Kikianzia kwenye mada ya mhadhiri, walimu watageuka wasikilizaji. Kikianzia kwenye malalamiko ya walimu, mhadhiri atajiona ameitwa kujibu mashtaka. Daftari lenye makosa halisi, yaliyoandikwa na mtoto halisi, linampa kila mmoja kitu anachokijua na kitu asichokijua, na hapo ndipo mazungumzo yenye manufaa yanapopatikana.

Hatua ya kwanza: Mtafute mhadhiri mmoja, na shule tatu au nne

Usianze na kongamano. Kongamano linahitaji mgeni rasmi, ukumbi, mabango na fedha, na mara nyingi watu hutawanyika wakiwa na picha nyingi kuliko maarifa. Mhadhiri mmoja anayependa sarufi au fasihi na walimu kumi hadi kumi na watano kutoka shule zilizo jirani wanatosha kabisa kwa mara ya kwanza.

Njia rahisi ya kumpata mhadhiri huyo ni ukaguzi wa wanachuo wenyewe. Akishamaliza kumkagua mwanachuo, mwombe dakika kumi katika chumba cha walimu, mkaribishe chai, kisha mwonyeshe madaftari mawili au matatu ambayo umeyatenga mapema. Usimweleze matatizo yote ya shule, wala usimwombe vitabu. Mwulize swali moja la lugha ambalo umeshindwa kulijibu darasani na ambalo unadhani yeye atalipenda. Wanazuoni wengi huitikia swali zuri haraka kuliko wanavyoitikia barua ya mwaliko, na akianza kuandika kitu pembezoni mwa fomu yake, jua umempata. Kwa upande wa mhadhiri anayesoma mwongozo huu, ushauri ni uleule: fika shuleni nusu saa kabla ya kipindi, uketi na walimu wa idara, uwaulize ni kipengele gani cha muhtasari wa somo kinachowatesa mwaka huu.

Hatua ya pili: Kusanyeni madaftari kabla ya kukusanya watu

Hii ndiyo kazi kubwa, na isipofanyika vizuri hatua nyingine zote hazina maana. Kila mwalimu atakayehudhuria achague insha kumi za darasa moja, zisizokuwa nzuri sana wala mbaya sana, azipige picha au azitoe nakala, na kufunika majina ya wanafunzi. Mkuu wa shule afahamishwe, kwa sababu kazi za wanafunzi ni amana. Kisha mwalimu apigie mstari makosa yanayojirudia na kuyapanga katika mafungu machache bila kujaribu kuyaeleza chanzo chake. Maelezo ya chanzo yasubiri kikao.

Natoa mfano mmoja ili ieleweke thamani ya kazi hii. Walimu wengi wa mkoa wetu wanakutana na sentensi kama “baba huwa anaendaga shambani” au “sisi tunasomaga usiku”. Mwalimu huzungushia wino mwekundu, huandika “huenda” au “husoma” juu yake, na wiki inayofuata kosa linarudi vilevile. Mhadhiri wa isimu anajua kwamba kiambishi -ag- cha mazoea kimo katika lugha nyingi za Kibantu, na kwamba Kiswahili sanifu kinaeleza mazoea hayo kwa kiambishi hu- mwanzoni mwa kitenzi. Kwa hiyo mtoto hajakosa akili ya sarufi. Ana sarufi ya mazoea, ila ameiweka mahali ambapo usanifu hauiweki. Mwalimu akilijua hilo anaweza kulifundisha kwa kulinganisha, badala ya kulifuta tu.

Lakini mwalimu naye ana kitu ambacho mhadhiri hana. Mkoa wa Dodoma una Cigogo na Kirangi ambazo ni lugha za Kibantu, na katika maeneo ya Kondoa na Chemba kuna pia Kiburunge na Kialagwa ambazo ni za Kikushi, jamii za Wabarabaig wanaozungumza lugha ya Kiniloti, na Kisandawe chenye sauti za kidoko ambacho hakina undugu na lugha yoyote kati ya hizo. Ni sehemu chache sana barani Afrika ambako unaweza kusafiri siku moja na kusikia lugha zilizo mbalimbali kwa asili kiasi hiki. Sasa swali linazuka lenyewe: je, mtoto wa Kwa Mtoro ambaye lugha yake ya nyumbani ni Kisandawe, isiyokuwa ya Kibantu, anaandika “anaendaga” kwa wingi kama mtoto wa Mvumi? Kama anaandika, basi amekitoa kiambishi hicho kwenye Kiswahili anachosikia sokoni na si kwenye lugha ya mama yake. Swali hilo halijibiki ukiwa ofisini Chimwaga. Linajibiwa na insha kumi kutoka kila shule, zilizokusanywa na walimu ambao wanawajua watoto na wanajua nyumbani kwao wanazungumza nini. Mhadhiri akiliona rundo hilo la karatasi mezani, hatahitaji kubembelezwa kurudi.

Pamoja na insha hizo, pakueni taarifa ya uchambuzi wa majibu ya watahiniwa katika somo la Kiswahili ambayo Baraza la Mitihani la Tanzania huitoa kila baada ya mtihani. Taarifa hiyo inaonyesha maswali yaliyofanywa vibaya na sampuli za majibu, nayo ni kipimo kizuri cha kulinganisha makosa ya shule zenu na ya nchi nzima. Inasikitisha kwamba katika shule nyingi inasomwa na mwalimu wa taaluma peke yake, kisha inafungiwa kabatini.

Hatua ya tatu: Ruhusa

Mwalimu ni mtumishi wa umma na hawezi kuondoka kituoni bila ruhusa, kwa hiyo barua iandikwe mapema, walau mwezi mmoja kabla. Shule zikiwa za halmashauri moja, mkuu wa shule mwenyeji amwandikie Mkurugenzi wa Halmashauri kupitia kwa Afisa Elimu Sekondari. Zikiwa za halmashauri zaidi ya moja, na mkoa wetu una halmashauri nane, barua iende kwa Katibu Tawala wa Mkoa kupitia kwa Afisa Elimu Mkoa. Upande wa chuo, barua iende kwa mkuu wa idara inayosimamia Kiswahili, naye atajua namna ya kuipandisha. Kikao kikitarajiwa kuzaa utafiti utakaochapishwa, mhadhiri ndiye anayepaswa kufuatilia kibali cha utafiti. Mwalimu asiachiwe mzigo huo.

Barua itaje kwamba kikao ni sehemu ya Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, yaani MEWAKA. Utaratibu huo tayari unazitambua jumuiya za kujifunza za walimu shuleni na katika kata, na afisa elimu anayesoma barua ataona kitu anachokifahamu na ambacho mwenyewe anatakiwa kukitolea taarifa. Hakuna haja ya kuunda chama chenye katiba na usajili mwaka wa kwanza. Nimeona juhudi nzuri zikifia kwenye uchaguzi wa mwenyekiti.

Hatua ya nne: Chagueni tarehe kwa kutazama kalenda zote tatu

Kuna kalenda ya shule, kalenda ya chuo, na katika Dodoma kuna kalenda ya Bunge. Kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni Bunge la bajeti linakuwa mjini, nyumba za wageni zinajaa na bei zinapanda, hivyo mwalimu anayetoka Mpwapwa au Kondoa atalala kwa gharama asiyoiweza. Mwanzoni mwa Agosti kuna maonyesho ya Nane Nane pale Nzuguni, na hali ni hiyohiyo. Mwezi Mei watahiniwa wa kidato cha sita wako kwenye mtihani, na kuanzia Oktoba hadi Novemba mwalimu wa kidato cha pili na cha nne hana nafasi ya kupumua, achilia mbali kuhudhuria kikao. Zinabaki nafasi mbili nzuri: mwezi Machi na nusu ya pili ya Julai. Machi ina faida kwamba mwaka wa masomo bado mchanga na mnachokubaliana kinaweza kutekelezwa mara moja, lakini mvua zetu huendelea hadi Aprili, na makorongo yanaweza kukata barabara za vijijini. Kwa walimu wa Farkwa na Kwa Mtoro, Julai ni salama zaidi.

Jumamosi ndiyo siku ya kawaida, ila ulizeni kwanza, kwa sababu walimu Waadventista Wasabato hawatakuja na hawatasema ni kwa nini. Mwezi wa Ramadhani nao uepukwe, ama kikao kifupishwe.

Hatua ya tano: Mahali na gharama

Mazoea ni kuwaita walimu waende chuoni. Fanyeni kinyume chake. Kutoka Kondoa hadi Dodoma mjini ni takriban kilomita 160; wahadhiri watatu katika gari moja wanaweza kwenda Kondoa asubuhi na kurudi jioni kwa gharama ndogo kuliko ya walimu kumi na tano kupanda mabasi kwenda Chimwaga na kurudi. Tena, kikao kikifanyika shuleni mhadhiri huona darasa lenyewe, ubao wenyewe, na idadi ya wanafunzi wanaotumia kitabu kimoja, na ushauri wake hubadilika palepale.

Suala la posho lisifichwe. Kama hakuna posho, barua ya mwaliko iseme wazi kwamba nauli itarejeshwa na chakula cha mchana kitakuwepo, basi. Mwalimu anayejua ukweli huo na bado akaja ni mtu wa kudumu naye. Aliyekuja akitegemea bahasha akaikosa atawaambia wenzake kumi wasije tena. Chakula kipikwe na mpishi wa shule. Ugali na mlenda, au wali na maharage, vinatosha, na hela inayobaki itoe nakala za insha.

Hatua ya sita: Siku yenyewe

Kikao cha kwanza nilichoshiriki kukiandaa tulikiharibu, na naeleza namna tulivyokiharibu ili wengine wasirudie. Tulimpa mgeni wetu saa nzima ya kuwasilisha mada, naye akatumia saa moja na nusu. Mada ilikuwa nzuri, ya nadharia za sintaksia, na walimu wenye uzoefu wa miaka ishirini walikaa wakinakili kama wanafunzi wa kidato cha kwanza. Ulipofika wakati wa maswali, mwalimu mmoja mtu mzima alisimama na daftari mkononi, akasoma sentensi moja ya mwanafunzi wake na kuuliza, “Hii niisahihisheje?” Mwenyekiti akamwambia muda umekwisha, chakula kinapoa. Swali lile ndilo lililokuwa kikao, na sisi tulilikatiza. Kosa lilikuwa la waandaaji, na mgeni hakuwa na hatia.

Tangu hapo tumefuata utaratibu huu. Watu hufika saa 3:00 asubuhi na kuketi kwa duara katika darasa la kawaida, bila meza kuu. Kila mtu huitwa Mwalimu, awe profesa au mwalimu wa kujitolea aliyeanza kazi mwezi uliopita; mhadhiri naye ni mwalimu, na cheo hicho katika nchi hii hakimshushi mtu. Makundi ya watu wanne, kila kundi likiwa na mtu mmoja wa chuo pale inapowezekana, hupewa insha na kazi ya kujibu maswali mawili: mwanafunzi huyu anajua nini tayari, na kinachomkwamisha ni nini? Kazi hiyo huchukua saa moja na nusu, na ni muhimu swali la kwanza lisirukwe. Baada ya hapo makundi hueleza, na ndipo mhadhiri huongea, kwa dakika zisizozidi ishirini, akijibu yaliyojitokeza. Baada ya chakula huchaguliwa kipengele kimoja tu cha muhtasari kinachowatatiza wengi, na kinachambuliwa mpaka saa 9:00 alasiri.

Kipengele ambacho kwa maoni yangu kinafaa kuanza nacho ni ngeli za nomino, kwa kuwa hapo ndipo shule na chuo hupishana waziwazi. Shuleni ngeli hufundishwa kwa kigezo cha upatanisho wa kisarufi: A-WA, U-I, LI-YA, KI-VI, I-ZI na nyinginezo. Chuoni mwanachuo hukutana na namba za ngeli za Kibantu, mfumo uliowekwa na mwanaisimu Wilhelm Bleek katika karne ya 19 na kuendelezwa baadaye na Carl Meinhof. Mwanachuo huyo anakuja kwenye mazoezi ya kufundisha, anamwambia mtoto kwamba “kijana” na “kipofu” wako pamoja na “kiti” kwa sababu ya umbo la neno, na mtoto aliyefundishwa mwezi uliopita kwamba “kijana amefika” ni ngeli ya A-WA anabaki njia panda. Kwenye mtihani anaandika jibu la chuo kwa swali la shule na kupoteza alama.

Chukueni nomino ishirini, kwa mfano kijana, kipofu, mtume, ugonjwa, waraka, maji, kiti na ng'ombe, na mziweke katika mifumo yote miwili ubaoni. Kazi hii huonekana ndogo lakini huamsha mjadala mkubwa. Walimu huona kwamba mfumo wa namba unahifadhi historia ya maumbo, na wahadhiri hukumbushwa kwamba mtoto anaamua ngeli kwa kutunga sentensi, hatafuti historia. Katika kikao kimojawapo mwalimu aliuliza kwa nini orodha ya ngeli za Kiswahili chuoni inaruka namba 12 na 13. Jibu ni kwamba ngeli ya 12, yenye kiambishi ka- cha udogo, na wingi wake wa tu- katika ngeli ya 13, hazimo katika Kiswahili sanifu, lakini ngeli hiyo ya ka- ingali hai katika lugha nyingi za Kibantu za bara. Chumba kizima kilicheka kwa furaha, maana kila mwalimu pale alikuwa na insha zenye “katoto” na “kanyumba” mkobani. Pengo lililoonekana kama uzembe wa vitabu liligeuka kuwa maelezo ya kosa wanalolisahihisha kila siku.

Mwafaka unaofaa kutoka hapo ni mdogo na unatekelezeka: chuo kiwakumbushe wanachuo, kabla hawajaenda shuleni, kufuata kigezo cha muhtasari wa somo katika kidato wanachokifundisha, na walimu wa kidato cha tano na cha sita wapewe kurasa mbili za maelezo ya mfumo wa namba kwa Kiswahili chepesi.

Hatua ya saba: Kazi kati ya kikao na kikao

Muhtasari wa kikao uwe wa ukurasa mmoja na utoke ndani ya siku saba, ukitaja nani atafanya nini. Kila mtu achukue kazi moja tu. Mwalimu anaweza kujaribu andalio la somo la viambishi vya mazoea kwa kulinganisha hu- na -ag-, na kuandika nusu ukurasa juu ya kilichotokea darasani. Mhadhiri anaweza kuandika zile kurasa mbili za ngeli. Nakala ya muhtasari wa kikao apewe Mthibiti Ubora wa Shule, ambaye akiachwa nje huona jambo geni darasani na kuliandika kama kasoro. Mambo yanayohusu mtaala, hasa sasa ambapo mtaala ulioboreshwa umeanza kutumika tangu Januari 2024, yaandikiwe Taasisi ya Elimu Tanzania kwa sahihi za walimu na wahadhiri pamoja. Na yale ya usanifu wa maneno yapelekwe Baraza la Kiswahili la Taifa, ambalo kazi hiyo ni yake tangu mwaka 1967.

Kundi la WhatsApp ni la lazima, na msimamizi wake awe mkali: picha za insha, maswali ya lugha na taarifa za vikao tu. Salamu za asubuhi na matangazo ya viwanja yakiingia, wahadhiri huzima mlio, kisha hawafungui tena.

Jambo moja silipunguzii uzito. Data za walimu zikiingia katika makala ya kitaaluma, walimu waliozikusanya na kuzichambua watajwe kama waandishi wenza. Kuwaweka katika mstari wa shukrani, pamoja na dereva na familia, hakutoshi. Likubaliwe kwa maandishi katika kikao cha kwanza, kwa sababu mwalimu aliyeona kazi yake ikichapishwa kwa jina la mtu mwingine hatatoa insha nyingine, na atakuwa na haki. Wanafunzi wasitajwe kabisa, wala shule isitajwe kwa namna inayoweza kuwaaibisha.

Siku ya Kiswahili Duniani, tarehe 7 Julai, ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2021, inaweza kutumika kuonyesha matunda ya kazi hiyo kwa wazazi na maafisa. Itumike kwa kuonyesha tu. Kazi yenyewe haiwezi kufanyika siku ya ngoma na mashairi.

Kabla watu hawajanyanyuka kwenye viti, mambo matatu yaandikwe ubaoni: tarehe ya kikao kijacho, shule itakayokuwa mwenyeji, na jina la mwalimu atakayekwenda na insha za kufungulia kikao hicho. Kisha kila mtu aandike tarehe hiyo katika shajara yake, na mhadhiri aandike yake watu wakimwona.